Hatua, Hatia

Baba alikanyaga kaa la moto
akaendelea kuzungumzia bei ya mbao.
Sisi ndio tulionusa kwanza.
Mama akammwagia ndoo ya theluji iliyoyeyuka,
naye Baba akautazama unyayo wake
kama mtu aliyeletewa barua ya jirani kimakosa.

Hiyo ilikuwa sauna yetu, nje kidogo ya Bureå,
kaskazini mwa Uswidi, Februari,
nje baridi ya kupasua misonobari.

Ugonjwa wa miguu, walisema watu,
wakishusha sauti wanapofika kwenye miguu.
Bibi Tekla alikuwa akiingia kanisani akiburura visigino,
wakasema analewa.
Maskini Tekla. Tone alilolijua
ni lile la meza ya Bwana.

Miaka ikapita ndipo daktari akatuchorea:
ini, protini inayotoka humo,
namna inavyokunjuka vibaya na kuganda kwenye neva
kama masizi kwenye bomba la moshi.
Neva ndefu huanza kufa,
zile zinazosafiri hadi vidole vya mguu.
"Ni herufi moja tu ya jeni," alisema,
"kati ya bilioni tatu."

Nikaiweka akilini hivi:
hatua.
Toa u, tia i.
Hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi,
neno lina urefu uleule,
ila mtu hatembei tena.

Baba akahamia ndani ya neno la pili.
Kila tukija kumtazama aliinamia viatu vyetu mlangoni,
akizipindua soli, akipima zilivyolika.
"Nimewapa nini, nimewapa nini."
Mama hakuacha kumenya viazi:
"Umewapa na pua hiyo, Elof.
Mbona hujaiombea radhi?"

Kaka yangu Sixten aliendesha lori la magogo.
Siku moja akaitafuta klachi kwa mguu, hakuipata,
na ilikuwa palepale chini ya mguu.
Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Watu husema habari fulani imewakata maini.
Yeye alikatwa kweli, kule Stockholm,
akapewa ini la kijana wa pikipiki
ambaye jina lake hatukuambiwa.
Na lake je?
Lilikuwa jekundu, laini, zima,
halina dosari ila ile herufi.
Wakampa mzee mwenye saratani
aliyebakiwa na miezi.
Kwake sumu ingekawia,
pengine asingeishi kuiona.

Kila Krismasi ilikuja kadi bila jina, kupitia hospitali.
*Bado natembea.*
*Bado natembea. Nimepata mjukuu.*
*Bado.*
Mwaka wa kumi na moja mwandiko ulikuwa umelegea:
*Vidole vya mguu vinawaka moto usiku.
Nimejumlisha miaka yote. Sijutii.*

Sixten akaiweka kadi chini ya sahani ya siagi,
akatoka na sepetu,
akaondoa theluji uani, njiani,
hadi mlangoni kwa Hjalmar
ambaye hawajasemezana tangu kesi ya mpaka.

Mimi nina hamsini na minane.
Bahasha yangu imo kwenye droo ya vijiko,
imepata doa la kahawa.
Binti yangu Signhild ana mimba ya miezi mitano,
hupiga simu kila Jumapili,
huuliza habari za hali ya hewa kwa sauti
ambayo si ya hali ya hewa.
Siku hizi dawa zipo, Mama, husema,
kuna dripu, kuna vidonge.
Najua. Nasema najua.

Asubuhi, kabla ya kahawa,
natoka pekupeku, nasimama kwenye theluji,
nahesabu hadi iume.
Inapouma nasema asante, kwa sauti,
na mbwa wa Hjalmar hubweka.

Leo nimefika saba.
Juzi ilikuwa nne.
Lakini juzi palikuwa na baridi zaidi.