Tikiti la Sobra

Alizaliwa Agosti, katikati ya baridi ya Melo,
nyuma ya tanuri la mikate la baba yangu,
mguu wa mbele wa kushoto umepinda kwa ndani
kama mtu anayeficha kiatu kilichotoboka.
Etchegaray, daktari wa mifugo, alimtazama mara moja,
akafunga mkoba, akataja bei ya ngozi.
Baba alikuwa na unga hadi viwikoni.
Mwache kwanza, alisema, nina mikate motoni.
Basi. Huo ndio uamuzi wote.
Hakuna aliyeota ndoto, hakuna aliyeona nyota.

Tukamwita Sobra, yaani masazo,
kinachobaki sahanini wageni wakishaaga.

Miaka mitatu alivuta mkokoteni wa mikate.
Alizijua nyumba zote arobaini na mbili,
akisimama mwenyewe kwa fundi saa, kwa mkunga,
na kwa Doña Ofelia Techera, mjane wa mtu wa reli,
alisimama hata siku ambazo mama huyo hakuagiza mkate,
maana alimlisha maganda ya tikiti maji
kwa kiganja kilichonyooshwa, akimnong'oneza maneno
ambayo hatukuyasikia, wala hatukuuliza.

Nani alileta habari ya mbio? Deni.
Tanuri lilipasuka mgongo, benki ikatuma barua,
na kijiji jirani kiliahidi magunia kumi ya unga.
Akawa wa mwisho.
Akawa wa mwisho Rivera, wa mwisho Treinta y Tres.
Durazno alisimama katikati ya mbio
mbele ya kibanda chenye mlango wa kijani,
akidhani ni cha mteja.

Nilikuwa naandika nyuma ya daftari la madeni:
wa nane kati ya wanane, wa kumi kati ya kumi,
na mara moja, Tacuarembó, wa tano kati ya sita,
kwa kuwa mmoja alianguka.
Siku hiyo tulikula nyama.

Ila binadamu ana mambo.
Wakata manyoya ya kondoo, madereva wa malori,
wanawake wa kufua nguo za hospitali,
walianza kumwekea sarafu wakijua zinapotea.
Tikiti zake walizikunja wakazitia
chini ya miguu ya meza zinazoyumba.
Meza zikatulia. Wakasema: unaona?

Mara thelathini na nane ameshindwa,
ndipo Montevideo wakamwita, Sikukuu ya Wafalme,
ili watu wa mji mkuu wapate kucheka.
Doña Ofelia, asiyewahi kuvuka mto wa kwao,
alipanda basi saa saba nzima
na tikiti maji mapajani, amelifunga shali kama mtoto.
Langoni mlinzi alidai tikiti.
Alimwonyesha. Lake lilikuwa na mbegu.

Hakujua mwisho wa mbio uko wapi.
Alichagua mahali penye kivuli,
akalipasua tikiti kwenye chuma cha uzio.

Sijui farasi hunusa umbali gani.
Najua kwamba kwenye kona ya mwisho
ule mguu uliopinda ulibadilisha mlio,
ukabisha ardhi hodi, hodi, hodi,
na Wáshington Silveira, mpandaji wetu,
aliacha kiboko kikaanguka akashika manyoya ya shingo.
Akampita wa nane. Akampita wa tatu.
Akampita yule mweusi wa seneta.
Watu elfu ishirini wakasimama,
baba akakaa chini.

Hatua tano kabla ya mstari, Sobra akafunga breki,
akapitisha kichwa juu ya uzio,
akala.

Wote wakampita. Thelathini na tisa.
Kimya kilikuwa kirefu, kisha mtu mmoja akapiga makofi,
na hadi leo muulize yeyote nani alishinda siku ile,
atakwambia rangi ya tikiti.

Alirudi kwenye mkokoteni.
Watu walikuja kutoka mbali kununua mkate
aliouvuta yeye; tanuri likapona.
Doña Ofelia alitangulia miaka tisa kabla yake.
Sobra hakuarifiwa. Aliendelea kusimama pale
kila asubuhi, masikio mbele,
na wapangaji wapya, watu wa pwani, wasiojua lolote,
baada ya kumfukuza wiki mbili
walijifunza kununua tikiti.