Mwenzangu wa Kazi

Hapa Idodi mchimbaji ni mimi.
Sururu, sepetu, na kamba ya kupimia.
Watu hunisalimu kwa mbali mpaka ninawe,
na hata nikinawa, chai yangu huja
katika kikombe cha bati kinachokaa peke yake kabatini.
Sikasiriki.
Ninaye mwenzangu huko juu,
naye hajawahi kukaribishwa chai.

Mnamwita mlafi. Mtoto akibugia ugali
mama yake humwambia, "Acha utumbusi."
Lakini mimi nimekaa juu ya kichuguu, ng'ambo ya mto,
nikamtazama akiwa kazini.
Ng'ombe wa Mgongolwa alikufa kwa ugonjwa usio na jina,
tumbo limefura, nzi wamejaa hadi machoni.
Akashuka mmoja. Wakashuka kumi. Pakawa peusi.
Na kabla jua halijatoka utosini
palibaki mbavu, pembe, na majani yaliyolala.

Kipara mnachokicheka
ni mikono ya shati iliyokunjwa.
Nani huingia shimoni na kanzu ya Idi?
Akimaliza huenda mtoni, huoga,
huanika mbawa juani
kama mashuka ya zahanati.

Mimi shimo moja hunilia asubuhi nzima,
udongo wa kiangazi hapa ni tofali.
Yeye kaburi analo tumboni,
huruka nalo.

Kisha simba akachukua ndama wa Kihwele.
Kihwele si mtu mbaya, niseme hilo kwanza.
Alinunua dawa ya nyanya, chupa mbili,
akaimwaga juu ya mabaki, akaenda kulala.
Simba hakurudi.
Asubuhi nikaitwa, mimi na sururu yangu.

Thelathini na saba.
Nilihesabu ili nijue shimo la ukubwa gani.
Wengine walikuwa bado wameng'ang'ania nyama.
Mmoja alilala amekunjua mbawa zote mbili,
nikajipima kando yake: alinipita.
Bwana mifugo akasema, chimba hadi kifuani,
choma, ndipo ufukie, fisi asije akafukua.
Hapakuwa na kwaya. Nilivua kofia.
Kihwele alisimama mbali, akiwa ameshika chupa tupu
kama mtu asiyejua pa kuiweka.

Mwaka ule nilichimba kuliko miaka yangu yote.
Punda wa mashine ya kusaga. Mbuzi. Ng'ombe wa Mama Semwenda
aliyeoza siku nane pembeni mwa kisima,
kila aliyechota maji akiziba pua kwa upande wa khanga.
Mbwa wakaongezeka, wakanona, mbwa wasio na mwenyewe,
na siku ya mnada
mmoja akaingia sokoni akitoa povu.

Shimo la mwisho la mwaka ule lilikuwa fupi.
Sikuhitaji kamba.

Jana, kwenye mti mkavu nyuma ya josho,
ametua mmoja. Mabega juu, shingo ndani,
kama mlinzi wa zamu aliyekuta geti limefungwa
na hakuna wa kumwambia wenzake wako wapi.
Watoto wakaokota mawe.
Nikawaambia wayaweke chini.
Wakauliza kwa nini, nami sina maneno ya mkutanoni,
nikasema tu: huyo yuko kazini.

Kisha nikaenda kunawa.