Mstari wa Buluu

Mwaka ule wa gesi, viwanja vikipanda bei kila wiki,
nilichora mtaa kwa rula juu ya bonde la Kiyangu.
Mezani halikuwa bonde. Lilikuwa karatasi.
Tulifunzwa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta;
sisi tukaziba, na ukuta tukajenga,
palepale maji yalipozoea kupita.

Aprili yakapita.
Hayakubisha hodi kwa Bi Somoe Nampunga:
yaliingia jikoni, yakaeleza sufuria,
yakaacha kambare mvunguni,
kama mgeni aliyekuja na kitoweo chake.

Nilikwenda na futikamba na buti za mpira
kuhesabu hasara.
Akanicheka. "Weka kamba chini, mwanangu. Sikiliza."

Vyura.
Safu moja nyuma ya msikiti,
mmoja, mnene wa sauti, chini ya gereji ya Chilumba,
wengine ndani ya kalavati
tulilolielekeza kwenye choo cha watu,
wakishuka, wakiitikiana, hadi kwenye mikoko.
Walikuwa wameupima mji kunizidi,
na hawakudai posho.

Leo nimekaa na kalamu ya buluu,
nawafuata.
Hapa pabaki matete. Hapa mpunga.
Hapa mtu asichimbe hata msingi wa banda la kuku.
Mstari umeteremka mpaka kwa Bi Somoe,
umeingia mlangoni, umetokea jikoni.

Nimeinua kalamu.
Mhuri kwenye hati yake ni wangu.

Bati la ofisi limeanza kulia, tone, tone,
na wino haujakauka.