Ufagio wa Kalhati

Kutoka Maskati ni saa mbili za lami.
Tulisimama mara moja tu, Tiwi, kwa chai ya maziwa,
na ufagio wa chelewa umelala kiti cha nyuma
umefungwa mkanda, kama mtoto.

Shangazi Thuwaiba ana miaka sabini na minne.
Nadhiri si yake. Ni ya mama yake,
aliyeiweka Bujumbura mwaka zilipokwama pasi:
tukifika Omani, nitafagia kaburi la yule bibi wa Kalhati.
Wakafika. Pakawa na harusi, na matanga,
na nyumba ya kujenga Al Khoudh,
na magoti.
Ahadi ni deni, husema watu;
hawasemi ulipe wapi
mdai akishakuwa kifusi.

Na kifusi ndicho tulichokikuta.
Kuba limebomoka, mbingu imeingia bila hodi.
Mawe ya matumbawe, birika kavu,
vigae vya sahani za Kichina;
njia waliyopanda wenye kuzuru
imebaki upana wa mbuzi.
Ng'ambo, mnara wa kiwanda cha gesi
unawaka mchana kweupe
kama taa ya mtu aliyesahau.

Na uzio. Na kufuli.
"Mamnuu," akasema Mofizul mlinzi, Mbangali,
kwa Kiarabu chake cha miaka mitatu.
Matengenezo. Mama arudi siku nyingine.
Lini? Akainua mabega.

Nikadhani atalia. Akavua viatu.
Akaanza kufagia nje ya uzio,
changarawe, mavi ya mbuzi, kizibo cha soda,
huku akimsemesha marehemu kwa Kiswahili:
aliyezikwa mji wa bandari, aliniambia, hashindwi na lugha.
Upepo ukarudisha vumbi lote.
Akafagia tena.
Mimi nimesimama na funguo za gari mkononi,
naona haya,
sijui haya ya nani.

Mofizul alitazama, kisha akaondoka.
Nikajua: anakwenda kupiga simu.
Akarudi na ndoo.
Akawa anatangulia, ananyunyiza maji kwa kiganja,
kidogo kidogo, vumbi litulie,
na wala hakuna aliyemwomba.

Kurudi, shangazi hakusema neno hadi Kuriyati.
Hapo akasema, "Tumefagia mlango. Bado chumba."
Nikageuka kutazama kiti cha nyuma.
Ufagio kamwachia Mofizul.