Sampuli Ina Mwenyewe

Uliniuliza, Sifaeli, kwa simu iliyokatikakatika,
kama nimeiacha sayansi.
Lori la tani kumi lilikuwa linapiga honi,
makuli wanaimba hesabu, ishirini, ishirini na moja,
nikasema nitakuandikia.

Niko Kibaigwa, sokoni, upande wa mizani.
Koti langu jeupe limegeuka rangi ya pumba.
Sina tena lile jokofu lenye kufuli,
wala ile mashine tuliyoibembeleza kama mgonjwa
kila umeme ulipocheza.
Nina bambo la kudungia magunia,
nina vijiti vya kupimia sumukuvu,
na nina pua.
Usicheke. Pua hii imesomeshwa miaka saba kwa kodi ya watu.

Mama mkwe alinuna msimu mzima.
"Digrii mbili, halafu unashinda kwenye vumbi la mahindi?"
Majirani wa Ipagala wakanivua "Dokta" taratibu,
kama mtu anayeanua nguo za mwenzake,
wakanibakishia "Mama Nyemo".
Na mimi, nisikufiche, kuna usiku
vidole viliamka peke yao
vikitafuta mirija ya kuosha.

Ndipo Jumanne moja akaja Masinjisa, kutoka Chemba.
Magunia kumi na manne,
na ndani ya kila gunia ameshona ada ya mtoto.
"Mbukwenyi," akasema, na kicheko chake cha kuuza.
Gunia la tatu lilinijibu kabla ya kijiti:
ule ukungu wa shuka lililofungiwa likiwa bichi.
Kijiti kikatoa mstari mmoja, peke yake.

Kule maabara ningeandika: Namba tatu, imezidi.
Ningesaini, ningenawa, ningekwenda kunywa chai.
Miaka yote ile, Sifaeli,
hakuna sampuli iliyowahi kuninyanyulia macho
ikaniuliza: "Sasa dada, wanangu wale nini?"

Masinjisa aliuliza.

Nilifungua mdomo, ukatoka upepo.
Jibu halikuwa kwenye kitabu, wala kwenye tasnifu yangu
yenye jalada la bluu.
Tulidunga gunia moja moja hadi jua likatukalia kichwani.
Tisa yakapona.
Matano tuliyafukia, chokaa juu,
koleo akilishika yeye mwenyewe,
akichota polepole, kama anayemzika mtu
aliyekuwa bado anamdai.
Hakuniaga.

Juzi amerudi. Mikono mitupu.
Nikajua amekuja kunitukana, nikajiandaa.
Akauliza bei ya turubai,
na kama ni kweli mahindi yakianikwa chini, kwenye udongo,
ndiyo yanavyokaribisha ule ugonjwa.
Nikamweleza. Akaniambia nirudie, polepole,
akamweleze mkewe.

Basi sijui nimeacha nini.
Wewe endelea kuhesabu huko, mtu wa kuhesabu anatakiwa.
Ila ukipata vijiti vya ziada
vitume na basi la asubuhi.
Vimenibakia sita,
na foleni ya malori imefika barabarani.