Saa ya Ukutani

Nilianza uzamili nikiwa na miaka hamsini na miwili,
mkoba mpya mgongoni, goti la kushoto likinung'unika ngazini.
Tampere, Januari, theluji imefika madirishani.
Miaka kumi na tisa nilikuwa bosi wa ghala la vipuri:
nikisema "hamisha", kitu kinahama.
Na watu vilevile, nilidhani.

Marjukka Lehtovaara, mkufunzi wetu,
aliandika ubaoni neno moja, KUBADILISHA,
akavuta kiti, akaketi, akanyamaza.
Dakika nne nzima. Bomba la joto likikohoa.
Ilpo alicheka peke yake, akajuta.
Mimi, nisiyejua kungoja,
niliinuka, nikafuta *sha*, nikaweka *ka*.
"Sawa," akasema. "Na nani kakutuma?"

Swali hilo lilinikaa kooni wiki nzima.

Tulisoma, jamani tulisoma.
Namna ya kuuliza swali lisilo na ndoana.
Namna ya kukiri kwamba chumba kinajua kukuzidi.
Kutenga kimya cha hasira na kimya cha kufikiri,
na kile cha mtu aliyekata tamaa mwaka juzi
ila bado anakuja kazini, kwa kuwa nyumba ina mkopo.
Nilipata alama nzuri. Sikuwa nimeelewa.

Machi wakanipeleka kwenye ufuaji wa hospitali:
wa mashuka na wa mavazi ya upasuaji,
vikosi viwili vilivyounganishwa kwa barua pepe
ya mistari mitatu, kutoka ofisi isiyonuka jiki.
Nilikwenda na karatasi za rangi nne na ratiba:
saa tatu, kufahamiana;
tatu na nusu, ndoto zetu.
Ndoto zetu! Kwa watu walioamka saa kumi alfajiri.

Wakakaa, kila kikosi na ukuta wake,
mikono imekunjwa kama mataulo.
Sakafu iliyobaki katikati ungeegesha lori.
Nikauliza. Nikauliza tena, nimegeuza maneno.
Karatasi ya manjano ikabanduka ukutani, ikaanguka taratibu,
sote tukaitazama mpaka chini.
Hapo nikakumbuka bomba la joto.
Nikaketi.
Wahenga walisema kimya kina mshindo;
hawakusema mshindo unachukua muda gani.

Raili, wa mashine ya pasi, ndiye aliyekivunja:
"Nani aliondoa saa?"
Upande wa pili, Thuy akageuka.
"Sisi tulidhani ni nyinyi."
"Sisi? Sisi tulidhani ni nyinyi."

Saa ya ukutani, kumbe, juu ya mlango wa zamani,
pale zamu ya usiku ilipokuwa ikikabidhi funguo
na kuambiana: mashine ya pili inavuja;
binti yangu amejifungua; pole kwa msiba.
Siku ya kuunganishwa ikatoweka,
na miezi saba kila upande ulikuwa ukimlaani mwizi wa upande wa pili.

Ratiba nikaikalia.
Veikko, ambaye hakuwa ametamka neno,
alitoka, akarudi na ngazi na saa yenye vumbi.
Ilikuwa stoo, nyuma ya madumu ya sabuni. Fundi wa rangi
aliishusha, hakuambiwa airudishe.
Wakabishana mahali pa kuitundika, kwa sauti, kwa vidole,
na mtu akapita katikati ya ile sakafu
bila kujua kwamba amepita.
Mimi nilijua. Nikauma ulimi.

Kwenye tasnifu kuna kisanduku: *matokeo yanayopimika*.
Nimeandika: saa moja, inachelewa dakika sita.
Marjukka amezungushia duara, ameuliza pembeni,
"Kwa nini hukuirekebisha?"

Mkono wangu uliinuka, Marjukka. Uliinuka kabisa.
Nikaupeleka kwenye kikombe cha kahawa.
Bado wanabishana nani aipande ngazi.