Koki ya Tatu

Utotoni, kando ya mto Ave, tulijua rangi ya msimu
kabla ya maduka ya Porto:
maji yakishuka mekundu, mwaka huo mabibi watavaa nyekundu.
Mama alinifulia humo shati la komunyo.
Likatoka na kivuli cha waridi. Hakuna aliyeuliza.

Kisha kiwanda kikaagiza chujio kutoka Ujerumani,
refu kama kanisa dogo, la bei ya kuuma meno.
Langoni wakatundika bango: jani, tone,
na neno KESHO kwa herufi za mviringo.
Meya akakata utepe. Tukala keki.

Ila chujio halina haraka.
Kila pipa la rangi lataka dakika arobaini,
na bwana Abílio wa zamu ya usiku
alikuwa na ubao wa chaki: mita za kitambaa,
majina yetu yamepangwa kama farasi wa mashindano.
Sema kweli, Graciete,
kuna siku alituamuru?
Alipita tu, akatazama saa, akaguna.
Guno lile tulilisoma vizuri kuliko bango.
Saa nane za usiku nikawa nafungua koki ya tatu,
ile ipitishayo maji pembeni,
na buluu ikateremka gizani kama mtu anayekimbia deni.

Asubuhi vipimo vilikuwa safi.
Vipimo vilichukuliwa asubuhi.

Abílio akastaafu. Akaja Deolinda Queirós,
mfupi, mkavu wa maneno, buti za mpira miguuni.
Wiki ya kwanza alifuta ubao. Hakuandika kitu.
Tukacheka: huyu hamalizi mwezi.

Usiku wa oda ya Uswidi pampu ikakwama.
Lori linanguruma uani, mkono wangu uko kwenye koki.
“Ngoja,” akasema.
Akapindua ndoo, akaketi.
Tukangoja, tukigawana chestinati za kuchoma.
Lori likaondoka nusu tupu.
Alfajiri akapiga simu ofisini, sote tukisikia:
“Nimechelewesha mimi.”
Jina la mtu mwingine halikutoka kinywani mwake.

Mto haujapona. Povu bado lipo kwenye mawe,
na bango limepauka, jani limekuwa manjano.
Kijana mpya, Nélson, aliniuliza
koki hii yenye kutu ni ya kazi gani.
Nilijifanya sikusikia.

Lakini jana, pampu ilipokohoa,
sikumtafuta Deolinda kwa macho.
Nilitafuta ndoo.